Betri ya Kutosha Salamu

Sifa ni zako, Mungu wetu, uliyewasha jua kabla mtu yeyote hajajua kulihesabu. Ulinitoa nyumbani mzima, ukanirudisha mzima, na kati ya kwenda na kurudi ukanifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ilikuwa haijanifundisha. Jina lako litukuzwe.

Ndugu zangu, tangu nirudi kutoka upande wa Kapanga nasimamishwa kila ninapopita. Wa kanisani mnaniuliza habari za Roza. Wenzangu wa redio mnaniuliza habari za betri. Pikipiki zinatupigia honi, nami nakatisha maneno katikati. Sasa nimeketi niandike yote mara moja. Mnaomtaka Roza mvumilie kidogo habari za betri, kwa maana zilikuja kuwa habari moja.

Dilala, Kolwezi: hesabu juu ya meza

Kwa asiyetujua, sisi ni watu wachache tunaoongea hewani kwa redio kwa kupenda tu. Tukisikia kuna zahanati ambayo simu haifiki, tunajaribu kuiwekea foni, yaani redio ya kusema na kusikia, na waya mrefu uliofungwa juu ya nguzo. Redio yenyewe si taabu. Taabu ni kuilisha.

Samweli alikuja kwangu baada ya ibada, vumbi jekundu la shimo bado liko shingoni. Ni kijana mchimbaji, anatafuta shaba na kobalti hapa Kolwezi kama wengine wengi, lakini kwao ni Kashidi, kijiji kilicho mbele ya Musumba, ndani kabisa. Nilimvutia kiti, hakuketi.

"Tata Yakobo, banasema weye njo ulifungaka antena ya foni ya kwetu."

"Antena ndiyo. Betri waliweka wengine."

"Ile betri ilikufa. Na bibi yangu wa ndoa, Roza, eko na mimba. Mutoto wa pili balimupasula, dokta akasema asizale tena ku nyumba. Sasa Mama Anyesi, infirmière wa zahanati ya kwetu, alituma mutu na kinga, ile baiskeli, aniambie: mutoto analala kwa kukingama ndani ya tumbo, hageuke. Gari ya opitali iko Musumba. Maumivu ikianza, nani ataiita?"

Nilimuuliza kwa nini Roza asiende kusubiri Musumba.

"Batoto babili, Tata. Na mama yake haone tena na macho. Nani atabapikia? Anasema ataenda siku ya maumivu. Ni vile tu anasema."

Nikachukua karatasi. Hesabu ya namna hii si ngumu, ila haina huruma kwa mtu anayebahatisha. Redio inaposikiliza inakula kidogo, kama mtu anayeonja mboga. Ukibonyeza kitufe cha kusema, inakula karibu mara ishirini ya hapo. Kwa hiyo kwanza unauliza wanasikiliza saa ngapi na wanasema dakika ngapi. Ukishapata jumla ya siku, unaizidisha kwa siku ambazo jua linaweza kukosekana, na wakati wa mvua mimi naweka tatu. Halafu unaizidisha tena mara mbili, maana betri ya risasi ukiinywa kupita nusu yake unaiua polepole. Mwisho unatafuta paneli itakayorudisha kilicholiwa, kwa kuhesabu tu zile saa ambazo jua limesimama juu. Jua la asubuhi na la jioni linapendeza macho lakini haliijazi betri.

Niliandika: kusikiliza asubuhi na adhuhuri. Kusema, dakika tano kwa siku. Niliona zinatosha kumtaja mgonjwa, kusema ana nini, na kuomba gari. Hesabu ikatoa betri mbili na paneli mbili. Tulizipata kwa michango yenu, Mungu awakumbuke. Tukaondoka, Samweli na mimi, kwa lori la wafanyabiashara, huku mawingu ya kwanza yakijikusanya.

Kutoka Kolwezi hadi Mutshatsha

Tulikaa juu ya mizigo. Karibu nasi alikuwa Mama Sifa, mchuuzi wa vitenge, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru. Alipoona ninazungushia betri blanketi langu, akacheka.

"Tata, ile nayo ni mutoto? Unaibeba kama ya kuzaliwa jana!"

"Mama, ukijua inakwenda kufanya nini, utaimbembeleza pia."

Nikamweleza habari za Roza. Akasogeza robota lake la vitenge ili sanduku zikae katikati, mahali pasipotikisika sana.

Mbele kidogo tukakuta kizuizi, kamba imevutwa kati ya mapipa mawili. Mnajua hapa kwetu: kitu kidogo kilicho kizito, watu wanasema ni mawe ya madini. Kijana wa kamba alipanda, akainua sanduku la kwanza, akakunja uso.

"Papa, hii ni nini?"

"Betri."

"Betri? Betri ya muzito hivi? Ni mawe muliweka ndani. Tunajua ile akili yenu."

"Mwanangu, ndani kuna risasi na asidi. Ni betri ya jua."

"Jua iko na kilo?" akasema, na wenzake chini wakacheka sana.

Samweli akataka kusimama. Nilimshika mkono. Kijana akafungua sanduku, akaitoa betri, akaiinamisha huku na huku akisikiliza kama mawe yanagongana ndani. Hakusikia kitu. Akaishusha kwa mwenzake, mwenzake akaishusha chini, na pale chini haikushuka taratibu. Nilisikia mlio mdogo. Wakatazama, wakaona haina mawe, wakaturudishia. "Endeni na jua yenu!"

Nilishukuru kwamba hawakuigusa ya pili. Nilikagua ile ya kwanza pande zote, sikuona ufa. Macho ya mzee!

Mutshatsha

Tulishuka karibu na stesheni kula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Watu wa pale wanauza mkaa na mihogo na kungoja treni kwa uvumilivu ambao ningependa waumini wengine wauone. Nilikuwa bado sijamaliza kunawa nikasikia Mama Sifa anapiga kelele juu ya lori.

"Yesu! Bitenge byangu! Panya gani inakula hivi?"

Haikuwa panya. Betri ilikuwa imepasuka upande wa chini, asidi imetiririka ndani ya robota, na vitenge vya juu vilikuwa vimetobokatoboka kama chujio. Nilitaka kuzama ardhini. Nilimwomba radhi kwa maneno yote niliyo nayo. Alishika kitambaa kimoja juu ya jua, akanitazama kupitia tundu lake.

"Tata Yakobo, nakuona na jicho moja."

"Mama, nisamehe."

"Ntashonea batoto nguo fupi. Juu ya tundu naweka mifuko. Batapendeza." Kisha akapunguza sauti. "Lakini ile ya Roza? Imebakia moja?"

Ilikuwa imebaki moja. Nikakaa juu ya gunia na hesabu yangu, nikapiga upya. Kwa betri moja, ile akiba ya siku tatu za mawingu ilikuwa imeondoka. Ilibaki nafasi ya siku moja na kidogo, na hapo ni kama betri inafika imejaa, na kama watu wanasema dakika tano bila kuzidisha. Samweli alisimama nyuma yangu akitazama tarakimu asizozielewa.

"Itaenea? Itatosha?" akauliza.

"Ikiwa hatutapoteza neno."

Nilisema hivyo nikidhani ni hekima.

Kasaji, Sandoa, na mvua

Baada ya Kasaji lori liligeuka kaskazini, na mahali pasipo na nyumba springi ya nyuma ikakatika. Dereva akatuma mtu kutafuta nyingine, tukakaa. Mvua ya kwanza ikanyesha. Inswa, yaani kumbikumbi, walitoka ardhini kwa maelfu, wanawake wakawaokota kwa mabeseni na kuwakaanga kwa chumvi, na nakiri nilikula kwa furaha, ingawa kila ngurumo ilikuwa inanichoma moyoni. Mvua ni njia kufungwa. Mvua ni paneli kukaa bure.

Tulifanya mkutano mdogo wa sala chini ya turubai. Mama Sifa aliongoza wimbo. Samweli hakuimba. Baadaye nilimkuta amepiga magoti kando ya gurudumu, akichimba tope kwa mikono, ingawa lori lilikuwa halijakwama.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Sijue kukaa bure, Tata. Ku shimo, kama mwenzako anafukiwa, unachimba. Haungoje."

Niliinama nikachimba naye kidogo, mpaka mgongo ukanikataza.

Springi ikaja, tukafika Sandoa, ambako Mama Sifa alishuka na vitenge vyake. Alinishika mikono yote miwili. "Tata, umusalimie Roza. Umwambie Mama Sifa wa bitundu anamusalimia." Tukaendelea.

Musumba

Musumba, huko Kapanga, ni mji wa heshima, makao ya wakubwa wa Walunda tangu zamani, na hata mgeni anatembea pale kwa adabu. Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Gari, Land Cruiser moja tu, lilikuwa limetoka kwa chanjo upande mwingine, litarudi jioni. Nilimwomba daktari alitume Kashidi likirudi, maumivu yawe yameanza au hayajaanza.

Daktari ni kijana mpole, macho yamechoka. "Tata, mwezi uliopita tulifanya vile. Tulienda fasi moja, kule mama hakuwa hata na maumivu, na ule mwingine wa hapa karibu akafa tukiwa mbali. Gari inatoka ikiitwa. Mutuite, itakuja siku ile ile."

Aliyekuwa akishika foni ya hospitali ni Tata Daudi, mzee wa rika langu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alinikaribisha chumbani kwake, akanionyesha redio, akanipa kiti chake mwenyewe. "Foni ya Kashidi ikilia, mi niko hapa. Asubui na midi, saa sita. Sitoke."

Usiku ule tulilala kwa wasiwasi, na alfajiri tukakodi pikipiki mbili.

Musumba hadi Kashidi

Paneli zilifungwa mgongoni mwa kijana wa pikipiki, zikitoka pande zote kama mabawa. "Tata," akanionya, "upepo ikipiga sana, munifunge kamba ku mti, nisiruke." Samweli alipanda ya pili na betri mapajani, ameikumbatia. Njia ni mchanga, kisha tope, kisha mchanga tena. Tulianguka mara kadhaa, lakini kila tulipoanguka Samweli alianguka chini na betri ikabaki juu yake.

Kashidi ilipotokea, Roza alikuwa amesimama mlangoni kwake, tumbo limeelekea pembeni kwa namna isiyo ya kawaida. Samweli aliruka kabla pikipiki haijasimama. Roza akamtazama matope aliyovaa.

"Wee mwanaume, ulitoka Kolwezi juu ya kuniletea betri?"

"Ndiyo."

"Bengine banaletea bibi yabo sukari."

Walicheka wote wawili, kisha mwanamke akashika ukingo wa mlango na kufumba macho. "Si ile ya kuzaa," akasema. "Inakuja na kwenda."

Mama Anyesi, muuguzi wa zahanati, mfupi na mwepesi, alinipeleka kwenye foni. Paneli ya zamani ilikuwa imefungwa chini ya ukingo wa paa, na nusu ya siku inalala kivulini. Tulisimamisha nguzo uwanjani, tukaweka paneli mbili mpya karibu zilale, zimeinama kidogo upande wa kaskazini ili maji na vumbi viteremke. Nikaunganisha kila kitu, nikaweka kipima volti. Betri ilikuwa imechoka na safari: volti kumi na mbili na kidogo tu, yaani karibu nusu. Na nusu ndiyo mwisho nilioukataza kwenye karatasi yangu. Juu, mbingu ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa.

Siku iliyofuata nzima wingu halikuondoka. Sindano ya chaji ilisogea kidogo sana. Nilizima redio, nikazima taa ya chumba cha wazazi iliyokuwa imeunganishwa hapo hapo, nikamwambia Mama Anyesi tusiiguse mpaka tuwe na neno la kusema. Nilimfundisha pia namna ya kusema. "Jina, mahali, shida, gari. Basi. Ukibonyeza kitufe, kila neno linakunywa betri. Hakuna salamu, hakuna hadithi."

"Bila kusalimia, Tata?"

"Bila kusalimia. Mungu anajua mioyo."

Alitaka kusema kitu, lakini mimi ni mzee na yeye ana heshima. Akainama kichwa.

Kashidi, asubuhi ile

Kulipopambazuka maumivu yalikuwa yameanza kwa kweli. Mama Anyesi alitoka kwa Roza akifuta mikono. "Mutoto hajageuka. Na kovu inamuuma. Tuite."

Nikawasha. Sauti ya Tata Daudi ilikuwa tayari hewani, ikiita vituo kimoja kimoja. Mama Anyesi akabonyeza. "Kashidi. Roza, bibi ya Samweli. Gari..." Sindano ikaporomoka, redio ikajizima yenyewe katikati ya neno. Ikawaka tena. Hapo tukamsikia Tata Daudi, polepole, sauti imebadilika kabisa.

"Nimesikia, mama. Pole. Pole mingi. Mungu amupokee Roza yetu. Nitaambia dokta. Fundi ataanza mbao leo, gari italeta kesho asubui. Mushikamane."

Sikuelewa. Nilifikiri amechanganya kituo. Lakini Mama Anyesi alikuwa ameshika mdomo wake, na Samweli alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbao za nini?" nikauliza.

"Za sanduku ya maiti, Tata," Mama Anyesi akasema. "Huku ku foni, mutu mwenye kufiwa hasalimie. Njo namna tunajuana. Ukisikia mutu anaanza bila salamu, unajua ni lufu, ni kifo. Nilitaka kukuambia."

Akabonyeza tena, redio ikazima tena. Mara ya tatu nilimshika mkono. Kila jaribio lilikuwa linamalizia kilichobaki.

Samweli alinijia mpaka nikahisi pumzi yake. "Tata, hesabu yako! Bibi yangu anapumua ndani ya nyumba, na Musumba beko banamulilia!"

Sikujitetea. Ningejitetea kwa nini? Kutoka ndani tulisikia sauti ya Roza, na kutoka uwanjani sauti za watoto wake wawili wakigombania kopo. Nilitoka nje, nikapiga magoti karibu na nguzo ya paneli, nikasema, Bwana, nilihesabu kila kitu isipokuwa watu. Kisha nikainuka, maana Samweli alikuwa amesema kweli: mwenzako akifukiwa, unachimba.

Pikipiki zilikuwa zimesharudi Musumba, na kwa baiskeli mtu angefika usiku. Ilibaki saa ya adhuhuri. Tulizima redio kabisa, kwa sababu betri ikipumzika inapata nguvu kidogo. Samweli alipanda nguzo na kitambaa kilicholowa akafuta vumbi na matone ya mvua kwenye vioo, akafuta tena, akakaa pale juu kama mlinzi. Nilizungusha kitufe cha nguvu ya kurusha mpaka chini ya nusu. Musumba haikuwa mbali sana kwa mawimbi, tungesikika kwa sauti ndogo, na sauti ndogo inakula kidogo.

Kisha nikakaa na Mama Anyesi. "Salamu yenu," nikamwambia, "ikiwa fupi kabisa, inachukua muda gani?"

"Haina fupi, Tata. Unasema 'moyo', ndiyo salamu ya Walunda, halafu unauliza nyumba, batoto, mashamba. Nikisalimia nusu, atasema nalia."

"Basi isiwe nusu. Utasalimia yote. Lakini sema kipande, uachie kitufe, yeye ajibu. Akijibu, betri inapumua."

Wingu lilianza kuwa jembamba. Halikufunguka. Lilibadilika tu, likawa jeupe badala ya jeusi, na sindano ya chaji ikainuka kama mgonjwa anayejaribu kuketi. Samweli akapiga kelele juu ya nguzo: "Kivuli yangu! Naiona chini!" Kivuli chake kilikuwa hafifu kama moshi, lakini kilikuwepo.

Adhuhuri nikawasha. Hewani kimya. Tata Daudi alikuwa amesema hatoki, lakini nilijua amekwenda kwa fundi, au kwa daktari, au kwa wenye kulia. Mama Anyesi akabonyeza.

"Moyo, Tata Daudi. Moyo wenu bote ba Musumba."

Kimya. Volti kumi na mbili kasoro kidogo. Akabonyeza tena.

"Moyo, Tata Daudi. Mulilala je? Mama wa nyumba eko je?"

Sauti ikaja mbali sana, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. "Nani... nani anasalimia?"

"Ni Anyesi wa Kashidi. Mama wa nyumba eko je? Batoto?"

"Beko bazima." Nikasikia kiti kikivutwa. "Anyesi, unanisalimia?"

"Nakusalimia, Tata. Mashamba je? Mvua ilinyesha kwenu?"

"Ilinyesha." Sasa alisema upesi. "Na kwenu? Bantu beko je? Roza... Roza eko je?"

Sindano ilikuwa imeteremka mpaka pale redio ilipozima asubuhi, ikatetemeka, ikabaki. Mama Anyesi hakuharakisha. Alivuta pumzi.

"Roza eko muzima, Tata. Anakusalimia. Lakini anaumwa sana, mutoto anakingama, kovu inamuuma. Gari ije leo. Leo, Tata, si kesho."

Tulimsikia Tata Daudi akiwapigia kelele walio nje ya chumba chake, kitufe bado amekibonyeza: "Muache kulia! Eko muzima! Anyesi amesalimia! Gari itoke!"

Kurudi Musumba na gari

Gari lilifika kabla ya giza. Nyuma mlikuwa na mbao, zimeshakatwa kwa urefu wa mtu, kwa sababu fundi alikuwa hodari na hakuna aliyekumbuka kuzishusha. Dereva alipoona macho ya Samweli yanazitazama akataka kuzitupa. Samweli akasema, "Acha. Panda."

Tulimlaza Roza juu ya godoro, Mama Anyesi kichwani kwake, mama yake kipofu akashika mguu wake akimwimbia, na watoto wakabaki kwa majirani. Kwenye kijito tulichovuka kwa pikipiki, maji yalikuwa yamepanda na magurudumu yakazama kwenye tope. Dereva alikanyaga mafuta, gari likazidi kushuka. Roza alikuwa ameacha kulia sasa, na Mama Anyesi alikuwa akimwita jina.

Samweli aliruka chini, akavuta zile mbao moja baada ya nyingine, akazisukuma chini ya magurudumu kwa mikono na kwa kifua, kama wanavyotegemeza shimo lisibomoke. "Endesha!" Gari likapanda juu ya mbao, zikalia, zikapasuka, likatoka. Hakuna aliyerudi kuziokota. Tuliziacha pale kwenye matope.

Daktari alimpasua usiku ule ule. Ni msichana. Mama na mtoto wako wazima, na Bwana apewe shukrani na kila mwenye mkono katika kazi ile.

Musumba, kabla ya kurudi nyumbani

Tata Daudi alikuja kuniona asubuhi, shati limefungwa mpaka juu. Tulitazamana, wazee wawili, kila mmoja ana aibu yake.

"Tata Yakobo," akasema, "kama munakataza bantu kusalimia, mi ntajua je nani eko hai?"

"Sitawakataza tena. Nisaidie kuhesabu."

Tukakaa siku nzima karibu na redio yake. Alisalimiana na vituo vyote, na mimi nikashika saa, kila kinachosemwa na kila kinachojibiwa. Dakika zangu tano hazikutosha hata mlango wa mazungumzo. Nikaandika upya: salamu ni mzigo wa betri, sawa na taa, sawa na redio yenyewe. Kwa Kashidi inatoka betri tatu, na paneli moja zaidi. Tulikubaliana pia na wakuu wa vituo kwamba salamu ndefu, zile za ndugu na mashamba na mvua, ziwe adhuhuri, jua linapolipa lenyewe. Asubuhi inasalimiwa kwa kipande, lakini inasalimiwa.

Ndugu zangu, betri mbili zaidi zinatakiwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika. Na wewe wa redio utakayetumwa siku moja kupima kituo cha mbali, ukitoa karatasi yako, usianze na saa za jua. Anza kwa kumuuliza mwenyeji: ninyi mnasalimiana namna gani? Kisha usiharakishe jibu, maana ndilo litakalokuambia ukubwa wa betri.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe nuru ya kutosha siku zako za mawingu. Akulinde njiani na nyumbani, na siku utakapoita, akupe mtu wa kukujibu. Amina.